Mwongozo wa Kuwadharau Watu Kifalsafa

Dharau ya kawaida haihitaji mwongozo. Mtu yeyote anaweza kukaa barazani jioni akawasema vibaya watu wa ng'ambo, na wasikilizaji wakajua tu kwamba leo bwana huyu kaamka vibaya. Dharau ya kifalsafa ni kazi ya fundi. Inatakiwa idumu karne tatu, ichapwe kwa jalada gumu, ifundishwe vyuo vikuu, na vitukuu vya wale uliowadharau walipe ada kuja kuisoma, wakishindwa mtihani warudie mwaka.

Kazi ya namna hiyo imekwisha fanywa, na walioifanya si wababaishaji. Ni majina yale yale yanayojaza silabasi ya mwaka wa kwanza: Hume, Kant, Hegel, Locke. Nimewapitia nikichambua mbinu zao, nikaona si haki zibaki zimefungiwa maktaba. Wewe mwanafalsafa chipukizi, unayetaka kuheshimika huku ukiwafuta wenzako katika orodha ya wanaofikiri, chukua kalamu. Nauli hutahitaji.

Kaa nyumbani

Bingwa wa hatua hii ni Immanuel Kant. Alizaliwa Königsberg mwaka 1724, akafia hapo hapo mwaka 1804. Mji wenyewe siku hizi unaitwa Kaliningrad na uko Urusi. Maisha yake yote hakuvuka mipaka ya Prussia Mashariki. Hata hivyo tangu 1756, kwa miaka 40 hivi, alifundisha jiografia ya dunia nzima: bahari, milima, wanyama, na watu wa Afrika pamoja na rangi yao na huo aliouita uvivu wao. Aliyatoa wapi? Kwa mabaharia, wamisionari na wafanyabiashara walioandika vitabu vya safari, wengi wao wakiwa na sababu zao za kuandika walivyoandika.

Mihadhara hiyo ilichapishwa mwaka 1802, mwenyewe akiwa hai. Humo wanadamu wamepangwa kwa ngazi: weupe juu kabisa, chini yao Wahindi wa rangi ya manjano, chini zaidi weusi, na mwisho kabisa baadhi ya wenyeji wa Amerika. Ipo pia nasaha kuhusu adhabu: watu wa nchi za joto wana ngozi nene, kwa hiyo fimbo haifai, wachapwe kwa matete yaliyopasuliwa ili damu ipate njia. Huyu ndiye mwalimu ambaye mwaka 1785 aliwafundisha walimwengu kwamba kila mtu ni lengo kwa nafsi yake, asitumiwe kama chombo. Mwaka huo huo wa 1785 alitoa makala kuhusu mbari za binadamu, akaeleza kwamba ngozi nyeusi ni njia ya kutolea flojistoni kwenye damu. Usihangaike kuitafuta flojistoni. Ni kitu ambacho wanakemia wa zama hizo walidhani kimo ndani ya kila kinachoungua, na miaka ile ile Lavoisier alikuwa Paris akionyesha kwamba hakipo.

Kusafiri kuna hasara. Ukifika ugenini utakaribishwa chakula, utabishana bei na mtu, utadanganywa na mmoja na kusaidiwa na mwingine, utagundua kwamba wamo wajinga na wamo wajanja kama kwenu, na nadharia itakuharibikia mkononi. Yalimkuta Georg Forster. Kijana huyo alizunguka dunia na Kapteni Cook kati ya 1772 na 1775, na mwaka 1786 akaandika kuipinga nadharia ya Kant. Kant alimjibu mwaka 1788 kwa utulivu mkubwa: kutazama tu hakutoshi, lazima mtu awe kwanza na kanuni ya kumwongoza atafute nini. Yaani aliyebaki nyumbani alimfundisha aliyezunguka dunia namna ya kuona. Jifunze utulivu huo.

Mji wako uweke katikati

Kila mwamba ngozi huvutia kwake, na wanafalsafa wameivutia ngozi ya dunia nzima. Aristotle, katika kitabu chake cha siasa, alisema watu wa nchi za baridi na wa Ulaya wana moyo mkali lakini akili na ufundi vimepungua. Watu wa Asia wana akili lakini moyo hawana. Wagiriki, kwa bahati njema, wako katikati na wanavyo vyote viwili. Zingatia kwamba katika hesabu hiyo Mwingereza na Mjerumani wako upande wa wapungufu. Baadaye wazao wa hao hao waliokota kwa Aristotle fundisho lake jingine, la watu waliozaliwa kuwa watumwa, wakalifanyia kazi vizuri sana. Ile sehemu ya baridi waliiruka. Kusoma kwa kuruka ni stadi muhimu.

Sa'id al-Andalusi wa Toledo, mwaka 1068, aliona kwamba Waslavi na Wabulgari wameganda akili kwa baridi, na watu weusi wamechemka kwa joto. Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis, aliandika Muqaddima mwaka 1377. Humo alikataa kwa hoja safi ule uzushi kwamba weusi ni laana ya Hamu, akasema rangi ni matokeo ya jua. Halafu akaendelea mwenyewe kuwaita watu weusi wenye akili nyepesi na wapenda ngoma, kwa sababu ya joto lile lile. Ukanda wa wastani, wenye watu waliokamilika, ukaangukia pale pale alipozaliwa na jirani zake.

Wala tusijifanye watakatifu. Waungwana wa pwani yetu nao walikuwa na ngazi yao, wenyewe juu na washenzi wa bara chini, na mtu wa bara akiuliza kipimo ni kipi aliambiwa ni ustaarabu, na ustaarabu ni wa pwani. Kanuni hii hufanya kazi kwa lugha yoyote na kwa rangi yoyote.

Neno zito lishushe chini ya ukurasa

Hapa tusikimbie, maana ndipo ufundi ulipo.

David Hume wa Scotland alikuwa mtu mpole, mcheshi, mpenda chakula kizuri, na mwenye shaka juu ya karibu kila kitu. Mwaka 1748 alitoa hoja yake maarufu kuhusu miujiza: mtu akikuletea habari, usikimbilie kuiamini; pima kwanza ni nani kaisema, ameiona wapi, na atafaidi nini ikiaminiwa. Hoja nzuri sana. Mimi huitumia hadi leo kwa habari za WhatsApp. Mwaka huo huo akachapisha insha juu ya tabia za mataifa, akibisha kwamba hali ya hewa haiumbi tabia za watu. Mpaka hapo hana neno. Mwaka 1753, insha ilipochapishwa upya, akaitia tanbihi.

Ni tanbihi fupi. Anasema anashuku kwamba watu weusi, pamoja na aina nyingine zote za binadamu wasio weupe, ni duni kwa maumbile. Kwamba halijapata kutokea kati yao taifa lililostaarabika wala mtu hata mmoja aliyetukuka kwa vitendo au kwa fikra. Hawana sanaa, hawana elimu. Kisha anagusa Jamaica. Huko, anasema, kuna mtu mweusi mmoja anayesifiwa usomi, lakini huenda anasifiwa kwa vijambo vidogo, kama kasuku anayetamka maneno machache bila kukosea.

Tazama kazi hiyo ilivyopangwa. Kwanza mahali ilipo: chini, kwa herufi ndogo. Akija wa kulalamika unamwambia ni tanbihi tu, na akija wa kushangilia anaikuta tayari kwa kunukuliwa. Watetezi wa utumwa waliinukuu kwa furaha. Pili ni hilo neno la kushuku, kwani mwenye kushuku hadaiwi ushahidi. Tatu ni kwamba yule mtu wa Jamaica hakutajwa jina. Ukimtaja mtu jina, msomaji atataka kujua habari zake, na habari zikishapatikana kasuku anapaa.

Jina lake ni Francis Williams. Alitoka katika familia ya weusi huru wenye mali zao, ambao, tusifiche, walimiliki watumwa wao pia, ingawa hilo silo lililomkera Hume. Mwaka 1721 aliandikishwa Lincoln's Inn, London, wanakosomea mawakili. Aliporudi Jamaica alifundisha shule na kutunga mashairi kwa Kilatini, mojawapo akilielekeza kwa gavana mpya, George Haldane, mwaka 1759. Picha yake iko kwenye jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London: mtu mweusi mwembamba, wigi kichwani, kasimama chumbani mwake, rafu imejaa vitabu nyuma yake na tufe la dunia karibu na miguu. Aliyemchora alitaka tuone vitabu. Hume, ambaye maisha yake yote aliwataka watu wapime ushahidi, hakutaka hata kuuliza jina.

James Beattie, profesa wa Aberdeen, alimjibu mwaka 1770. Si mwanafalsafa mkubwa kama Hume, na Kant alimcheka kwa kukosa kina, lakini katika jambo hili alitumia kitu ambacho wakubwa wale walikiweka kando: kufikiri. Alisema kwamba Waingereza na Wafaransa miaka 2000 nyuma wangeonekana washenzi kama hao wanaoitwa washenzi leo. Alisema Mexico na Peru zilikuwa dola. Alisema mtumwa asiyefundishwa kusoma si kipimo cha akili ya mtu yeyote. Na alisema Hume hana namna ya kuwajua watu weusi wote waliopata kuishi.

Hume akaipitia upya tanbihi yake. Alifariki mwaka 1776, na toleo la 1777 likatoka na marekebisho: aina nyingine za binadamu zimeondolewa, weusi wamebaki peke yao. Watu wa Asia na wa Amerika walipata msamaha wa kimya kimya. Liandike hili kwa wino mwekundu: ukibanwa, punguza watuhumiwa, tuhuma iache ilivyo.

Anayesema ilikuwa nadharia tupu isiyomgusa mtu, mkumbushe mwaka 1766. Hume aliandika barua kumhimiza Lord Hertford, aliyekuwa mkubwa wake wa kazi, anunue mashamba Grenada, na mashamba ya Grenada yalilimwa na watumwa. Miaka minne hivi baadaye mtoto Mfante wa miaka 13 alitekwa katika nchi ambayo leo ni Ghana, akauzwa, akapelekwa Grenada hiyo hiyo. Mwaka 1772 aliletwa Uingereza, na mwaka 1787 akachapisha London kitabu cha kuushambulia utumwa, kimejaa hoja za sheria, dini na haki za binadamu. Anaitwa Quobna Ottobah Cugoano. Kitabu hicho hakimo katika silabasi nyingi, na usikitie.

Mfano unaokukanusha ukatae kabla haujafungua mdomo

Mwaka 1764 Kant alitoa kitabu kidogo juu ya hisia za uzuri na utukufu, na ndani yake akachukua changamoto ya Hume kama ilivyo: atajwe mtu mweusi mmoja tu aliyeonyesha kipaji. Kant baadaye alikiri kwamba ni Hume aliyemwamsha kutoka usingizini. Tanbihi hii aliipokea bado amelala.

Katika kitabu hicho kuna kisa cha seremala. Padri Labat, mmisionari Mfaransa wa visiwa vya Karibea, alimkemea fundi seremala mweusi kwa kuwatawala wake zake kibabe. Seremala akamjibu kwamba wajinga ni ninyi weupe, mnaowapa wake zenu uhuru mwingi kisha mnalalamika wakiwapanda kichwani. Usimuige seremala huyo. Akina dada wana haki ya kumfuata na ufagio. Linalotuhusu ni jibu la Kant. Anasema huenda katika maneno hayo mna jambo la kufikiriwa. Kisha anakumbuka kwamba fundi yule alikuwa mweusi tangu utosini hadi unyayoni, na hiyo ni dalili wazi kwamba alichosema ni upuuzi.

Soma tena hapo kwa taratibu. Hoja imesikilizwa, imeonekana ina uzito, halafu imetupwa kwa rangi ya msemaji. Mwanafunzi wa mantiki wa mwezi wa kwanza akiandika hivyo hupewa sifuri na kuitwa ofisini. Kant alipewa mnara. Na ukichunguza, hata maoni ya seremala juu ya wake hayakuwa mbali na ya Kant mwenyewe. Walitofautiana ngozi tu.

Sasa turudi kwenye changamoto: mtu mmoja tu. Anton Wilhelm Amo alizaliwa Axim, Ghana ya leo, mnamo 1703. Alichukuliwa mtoto, akapelekwa Uholanzi kisha Ujerumani kwa watawala wa Wolfenbüttel, akasomeshwa. Mwaka 1729 pale Halle alitetea hoja juu ya haki za weusi katika Ulaya. Maandishi yake yamepotea. Mwaka 1734 Wittenberg alitetea tasnifu kwa Kilatini kwamba nafsi haina hisia, kwa kuwa kuhisi ni kazi ya mwili, akimbana Descartes mahali panapouma. Mkuu wa chuo hicho aliandika barua ya kumsifu. Mwaka 1738 Amo alichapisha kitabu kizima kuhusu namna ya kufalsafu kwa makini, akafundisha Halle na Jena. Wakati huo Kant alikuwa mtoto wa shule. Alipokuja kuomba atajwe mtu mmoja, kitabu cha mtu mmoja kilikuwa kimeshatoka miaka 26, Ujerumani kwao, kwa lugha aliyoisoma tangu utotoni. Amo mwenyewe alikuwa amerudi Afrika, baada ya miaka ya kukejeliwa, akafia Shama. Nkrumah alimtaja katika kitabu chake cha Consciencism cha mwaka 1964, lakini hilo lisikusumbue. Wewe endelea kuomba atajwe mmoja.

Uhuru uuandike, hisa uzinunue

John Locke alianza kitabu chake kikuu cha serikali kwa kuulaani utumwa, kwamba haufai kutetewa na Mwingereza muungwana. Kabla ya hapo alikuwa na hisa katika Royal African Company, kampuni ya kuuza watu, na alikuwa katibu wa mabwana walioimiliki Carolina wakati katiba ya koloni hilo ya mwaka 1669 ilipompa kila mtu huru mamlaka kamili juu ya watumwa wake weusi. Hakuna mgongano. Mkono wa kulia uliandika, wa kushoto ukapokea gawio.

Tahadhari moja kwa wanaopenda utani: Montesquieu, mwaka 1748, aliorodhesha sababu za kipuuzi za kuwafanya weusi watumwa, pua bapa ikiwemo, ili awaaibishe wenye watumwa. Wapo waliomsoma kama anayesema kwa dhati. Kama nawe umefika hapa huku ukiandika nukuu kwa moyo mkunjufu, rudi aya ya kwanza.

Chora mpaka, kisha funga mlango

Hegel alifundisha Berlin falsafa ya historia ya dunia kati ya 1822 na 1831, na mihadhara ilichapishwa mwaka 1837, baada ya kifo chake. Tatizo lake lilikuwa Misri. Ukisema Afrika haina historia, piramidi zinakutazama. Ufumbuzi wake ni wa kijiografia. Afrika aliikata mapande matatu: kaskazini akaipa Ulaya, bonde la Nile akalisogeza kwa Asia, na kilichobaki kusini ya Sahara akakiita Afrika yenyewe. Hiyo yenyewe ndiyo isiyo na historia. Kisha akaaga kwamba hataitaja tena. Hakuwahi kufika, bila shaka. Alitegemea Cavazzi, mmisionari wa karne ya 17, na Bowdich, Mwingereza aliyekwenda kwa Waashanti. Mwaka 1998 Robert Bernasconi alilinganisha maneno ya Hegel na vyanzo vyake, akakuta mzee ametia chumvi, na kila alipotia chumvi Mwafrika alizidi kutisha.

Asiyekuwepo na lake halipo. Kwa hiyo wakati Berlin inasomewa kwamba huku hakuna kitu, Muyaka bin Haji alikuwa Mombasa akitunga mashairi ya siasa, akiwachoma kwa mafumbo wapinzani wa Wamazrui, na watu wakiyakariri mitaani. Pate walikuwa na Utendi wa Tambuka tangu 1728. Na Kilwa? Ibn Battuta aliifikia mwaka 1331 akaisifu. Masultani wake walipiga sarafu zao. Tarikh ya wafalme wake iliandikwa kwa Kiarabu, na Mreno João de Barros akaitumia katika kitabu alichochapisha mwaka 1552. Orodha ya wafalme wa Kilwa ilikuwa inasomeka Ulaya, kwa lugha ya Ulaya, miaka 270 kabla Hegel hajapanda jukwaani. Alikuwa msomaji mkubwa, lakini mtu hawezi kusoma kila kitu, hasa kile kitakachomharibia mhadhara.

Mbinu hii haikufa naye. Mwaka 1934 Martin Heidegger, akiwa tayari na kadi ya chama cha Nazi, aliwaambia wanafunzi wake Freiburg kwamba kuna watu, akawatolea mfano weusi wa kusini mwa Afrika, ambao hawana historia, ilhali ndege iliyomchukua Hitler kwenda kuonana na Mussolini Venice inatengeneza historia. Ndege ina historia, binadamu hana. Hapo mwalimu amehitimu.

Kitabu cha kukificha kabisa

Kuna mtu mmoja ambaye wanafunzi wako wasimpate. Ni al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mnamo 868, zaidi ya miaka 800 kabla ya Hume kuzaliwa. Ana risala ndogo kuhusu fahari ya weusi mbele ya weupe, na ndani yake anawapa Wazanji, yaani watu wa pwani yetu, nafasi ya kujibu. Hoja yao ni hii: ninyi hamjawahi kuwaona Wazanji, mmewaona mateka tu, waliokamatwa katika fukwe na misitu, watu wa chini na watumwa. Mnatupima kwa hao mliowafunga. Zinatajwa Qanbalu, ambayo wanahistoria wengi wanaitambua kuwa Pemba, na Lanjuya, ambayo ni Unguja. Nao wasemaji, kwa ubinadamu wao, hawakusahau kuwabeza kidogo watu wa Qanbalu.

Hoja hiyo ikishaingia kichwani mwa mtu, tanbihi ya Hume haisimami. Alikuwa akizihesabu akili za watu kutoka mashamba ya miwa, ambako kumfundisha mtumwa kusoma ilikuwa hasara kwa bwana shamba, kisha akashangaa kutokuona wasomi. Sampuli mbovu. Hata mtafiti wa soko la sabuni analijua hilo.

Namna ya kuwatetea

Ukishakuwa mhadhiri, mwanafunzi mmoja mkorofi atainua mkono. Mjibu kwamba alikuwa mtu wa zama zake. Jibu hili ni tamu kwa sababu linamfanya muulizaji aonekane hajui historia. Usimruhusu aulize swali la pili, kwamba zama hizo zilikuwa za nani. Beattie, Forster na Cugoano walikuwa wa zama hizo hizo. Amo pia. Condorcet aliandika dhidi ya utumwa wa weusi mwaka 1781. Kumbe zama zilikuwa na pande mbili, na mtu alichagua.

Akikaidi, mwambie kwamba ni mambo ya pembeni, hayagusi falsafa yenyewe. Kwa Kant usilisisitize sana, maana aliandika juu ya mbari mwaka 1764, 1775, 1785 na 1788, na mtu haendi pembeni mara nne kwa bahati mbaya. Badala yake sema alibadilika, na hapa una kitu mkononi: mwaka 1795, katika kijitabu chake cha amani ya kudumu, aliwashutumu Wazungu kwa ukoloni na kwa utumwa katika visiwa vya miwa. Mwanafalsafa Pauline Kleingeld ameitetea hoja hiyo kwa makini na inastahili kusikilizwa. Uzeeni Kant alianza kuona. Lakini ngazi yake hakuikana mahali popote kwa maandishi, na ile mihadhara ya jiografia aliiacha itoke mwaka 1802 pamoja na matete yake.

Ikiwa yote yameshindikana, lalamika kuhusu majengo. Mwaka 2020 Chuo Kikuu cha Edinburgh kiliondoa jina la Hume kwenye ghorofa lake refu, na wengi waliokuwa hawajawahi kuisoma tanbihi walipata uchungu mkali kwamba falsafa inauawa. Mjadala wa jina la ghorofa ni salama kuliko mjadala wa kilichoandikwa. Unaweza kuuendesha miaka kumi bila mtu kufungua ukurasa.

Hapo mwongozo wa kejeli umekwisha, na ninalo neno la kawaida kwa wanaofundisha falsafa Nairobi, Dar es Salaam, Makerere, Lubumbashi na kwingineko. Msivitupe vitabu vya Hume na Kant. Hoja ya miujiza ni nzuri na watoto wetu wanaihitaji. Vifundisheni vizima, pamoja na tanbihi ya 1753 na seremala wa 1764, na tasnifu ya Amo ya 1734 iwe juu ya meza hiyo hiyo. Mtihani ukija, wekeni swali la seremala liwe la lazima: onyesha kosa la mantiki katika jibu la Kant, alama 20. Mwanafunzi asiyeliona arudie mwaka.